Tawi Juu ya Mnara

Mnara wa Bwana Fetherby hauna mlango wala chumba. Una ngazi tu, inauzunguka kwa nje, inapanda mpaka juu, basi, inakatikia hapo. Ukifika unashuka. Upuuzi mtupu, lakini bwana alitaka kitu cha kupendezesha bustani yake, na sisi viazi vyetu vilikuwa vimeozea ardhini. Tukajenga. Ujira wetu ulikuwa uji wa mahindi, bakuli kwa kila mfanyakazi.

Kila mtu alijua mnara ukiisha na uji umekwisha, kwa hiyo tulijikokota. Mume wangu Cormac, fundi mwashi, aliweza kuligeuzageuza jiwe moja asubuhi nzima, eti halijakaa sawa. Msimamizi akimfokea, anaomba radhi kwa adabu na kuligeuza tena. Hata na njaa ile nilicheka. Nusu ya mabakuli yetu ilikwenda kwa Eibhlín wetu, wa miaka mitatu, shingo nyembamba kama ya kifaranga.

Ikaingia Mei. Kwetu Ayalandi, siku ya kwanza ya mwezi huo tawi bichi huwekwa mlangoni, nyumba ipate heri. Sisi mlango hatukuwa nao. Bwana alishaibomoa nyumba yetu kondoo wake wapate malisho, tukawa tunalala ubavuni mwa mnara.

"Si ndiyo nyumba yetu hii, mama Eibhlín?" Cormac akaniambia. "Ngoja niipambe."

Akapanda, akachomeka tawi juu kabisa. Mtoto akapiga makofi.

Bwana akaliona kutoka dirishani, anakunywa chai. Kwao Uingereza, mafundi wakimaliza jengo ndipo huweka tawi kileleni. Mchana sufuria ya uji haikuja. Alikuja msimamizi, kutupongeza.

Cormac alimwangukia miguuni. Akaeleza kuwa tawi ni la mtoto, kwamba juu bado mawe hayajatimia. Msimamizi akaenda kumuuliza bwana, akarudi.

"Bwana anasema anaupenda hivyo hivyo ulivyo."

Eibhlín alikufa majani ya lile tawi hayajanyauka bado. Tulimzika pale pale, chini ya ngazi, bila sanduku. Cormac akataka kupanda aling'oe tawi lake. Nikamshika shati.

"Liache," nikamwambia. "Sasa ndipo mnara umeisha."