Nyumba ya Pande Mbili

Nyumba yetu ilikatwa katikati na barabara. Mzungu aliyeijenga, huko nje ya Ruiru, alitaka mgeni akiingia shamba lake la kahawa aone kitu cha kupendeza: chumba cha mawe kushoto, pacha wake kulia, tao la mawe juu, na geti la chuma katikati. Ilipendeza, sikatai. Lakini sisi tulilala kushoto na kupika kulia. Mvua ikinyesha, ugali ulivuka na mwavuli. Niliichukia nyumba ile tangu utotoni.

Baba yangu, Absalom, alikuwa mlinzi wa geti hilo. Gari lolote lilisimama, likapiga honi, naye akafungua. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyeangalia barabara akivuka. Tulisikiliza tu. Bila honi, njia ni yako.

Shamba likauzwa, mibuni ikang'olewa, zijengwe nyumba za ghorofa. Mhandisi wa kampuni iliyolinunua, Muigai, akasema tao halitaguswa, litavutia wanunuzi. Geti lenyewe ndilo lililong'olewa, malori yapite bila kuchelewa. Baba alibakizwa kulinda mawe.

"Bwana Muigai, weka hata gogo tu hapo njiani," Baba alimwomba. "Mama Jentrix amezoea gari kusimama."

"Si umwambie aangalie, mzee?"

Kumwambia tulimwambia! Nilifunga duka langu mtaani Landless nikaja kumsihi ahamie kwangu. Alinicheka. "Jentrix, mimi nimevuka hapa kabla wewe hujazaliwa."

Asubuhi moja alitoka jikoni na sufuria ya uji, macho kwenye uji usimwagike. Lori halikupiga honi. Lipige ya nini, na geti halipo? Baba alikuwa chumbani, upande wa pili, akingoja kikombe chake. Mayi, mama yangu!

Tao liko pale bado, limepakwa rangi, na maharusi hupigia picha chini yake. Mimi nikipita hutema mate.

Baba alirudi nyumbani Butere, tulikomzika Mama. Kule kila boma lina jiko lake nje. Yeye alijenga chumba kimoja, akaweka mafiga karibu na kitanda. Moshi umemharibia macho, na blanketi zinanuka. Majirani humsema. Krismasi iliyopita nikamwambia nimepata fundi, tumjengee jiko hapo uani, si mbali.

Baba alipuliza moto, akakohoa.

"Nani atavuka?" aliuliza.