Dumu Linalopumua

Homa ilipomtoka Sylvance, iliondoka na harufu zote za dunia. Ilimlaza, ikamkohoza, ikamwacha, kama homa yoyote. Lakini alipoinuka kitandani na mkewe Aoko akamletea chai ya tangawizi, aliinusa, akainusa tena, kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Ile haikuwa chai. Yalikuwa maji ya moto yaliyotiwa sukari.

Kwa mtu mwingine huenda lingekuwa balaa dogo. Sylvance alikuwa mpishi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye behewa la chakula la treni ya Mombasa, akikaanga samaki huku ameegemeza nyonga ukingoni mwa meza ili asirushwe, na alijua kwa pua tu mchuzi upi umeiva na upi bado unadai moto. Alipostaafu akahamishia ufundi wake nyumbani Donholm, na majirani walijua siku anayopika pilau hata kabla hawajafungua madirisha. Daktari alimwambia, "Mishipa ya pua imeumia, mzee. Huenda ikaamka, huenda isiamke. Subiri."

Akasubiri. Siku moja aliunguza vitunguu vikawa makaa, naye amesimama palepale jikoni akitazama nje, hana habari. Aoko aliuona moshi akiwa getini. Tangu hapo Sylvance akaivua aproni. Alikula alichopewa, akashukuru, akarudi kwenye kiti chake. Mdomo nao ukawa mzito. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukaja ukakikuta kimya kilekile.

Ndipo Matheka alipopiga simu. Matheka alikuwa dereva wa malori, jirani yao wa zamani, ambaye sasa alikuwa amejenga Njiru, ndani kidogo ya barabara ya Kangundo.

"Niaje, mzee! Nakuhitaji. Nimepika bia, imegeuka siki."

"Bia hununuliwa, Matheka."

"Hii ni ya nyumbani, ya kunywa mimi na wewe. Nataka kuitia mapera. Mti wangu umezaa mpaka mke wangu Mwongeli ananifukuza na ndoo. Sasa wewe ni mtu wa sufuria, mimi ni mtu wa usukani. Njoo."

"Unajua mimi sinusi kitu."

"Kwani nimekuita uje kunusa? Nimekuita uje upike."

Aoko hakufurahi. "Pombe, Baba Walter? Na mimi mama wa kanisa?"

"Si hapa. Ni kwa Matheka."

Alitaka kusema zaidi, lakini alimwona mumewe akitafuta kofia yake mwenyewe, akifungua kabati, akiinama chini ya kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Haya, nenda," akasema. "Ila isifike kwangu."

Matheka alikuwa ametandaza vitu vyake uani, chini ya mabati: sufuria kubwa ya harambee, mfuko wa kimea, yaani shayiri iliyochipuzwa ikakaushwa na kuparazwa, maua makavu ya hopsi yanayoipa bia uchungu wake, kipakiti cha hamira, na dumu la maji la plastiki angavu, lile la kuwekwa ofisini. Sylvance alilizunguka dumu.

"Ile ya kwanza, hili dumu ulilisafisha?"

"Nililisuuza."

"Ulilisuuza!" Sylvance akashusha pumzi, akakunja mikono ya shati. Waliliosha dumu kwa dawa, wakalisuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na mpishi hakumruhusu dereva kugusa chochote kabla hajanawa hadi viwikoni.

Kimea wakakiloweka katika maji ya moto yasiyochemka, wakaifunika sufuria kwa blanketi kuukuu na kuiacha. Walipofunua, uji ulikuwa umegeuka rangi ya asali. Sylvance akachota kwa kijiko, akaonja. Ulimi wake bado ulijua mambo machache: tamu, chungu, kali, chumvi. Na hii ilikuwa tamu, tamu ya kung'ang'ania meno.

"Umeweka sukari saa ngapi?"

"Sijaweka."

"Matheka."

"Haki ya Mungu, sijaweka. Imetoka mlemle."

Sylvance akaonja tena. Alikuwa amepika nafaka za kila aina, na hakuna hata moja iliyowahi kujitengenezea sukari mbele ya macho yake kwa kufunikwa blanketi tu. Alisimama pale na kijiko mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Wakakamua maji yale matamu, wakayachemsha na hopsi, wakayapoza, wakayamimina kwenye dumu. Matheka akanyunyiza hamira juu, vumbi la rangi ya mchanga lisilojaa kiganja. Kifunikoni wakapitisha mpira mwembamba, ncha yake nyingine wakaizamisha kwenye chupa ya maji, hewa ipate kutoka bila hewa ya nje kuingia. Wakaliweka dumu kwenye kona ya stoo. Lilikuwa limetulia kabisa, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Matheka hakusalimu. "Sikiliza," akasema, kisha ikasikika sauti: blup, blup-blup, blup.

"Bomba limepasuka?"

"Ni bia yako, mzee."

Sylvance alifika Njiru kabla ya saa nne. Matheka alimfungulia mlango wa stoo, na mwanga wa asubuhi ukaliangukia dumu, na mpishi akasahau kutoa kofia.

Ndani yake mlikuwa na dhoruba. Maji yale yaliyolala jana sasa yalikuwa yakipanda na kushuka, mawingu ya kahawia yakibiringika kutoka chini, yakifika juu, yakipasuka, yakizama tena, bila mtu kukoroga. Povu zito lilikuwa limejenga mlima juu yake. Na mpira ulikuwa ukipumua kwenye chupa ya maji, pumzi baada ya pumzi, kama mtoto aliyeshiba akalala.

Sylvance akapiga goti, akaweka kiganja ubavuni mwa dumu. Lilikuwa na joto. Akatazama chini yake. Hakukuwa na jiko, hakukuwa na makaa, hakukuwa na waya wa umeme. Sakafu ilikuwa baridi.

"Nani anaipikia?" akauliza, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani.

"Hamira."

"Hamira naijua. Nimekanda mikate maisha yangu yote. Lakini nilikuwa naifunika kitambaa, naenda zangu. Sijawahi kuitazama usoni."

Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa na moto. Chakula hakikuwa kitu mpaka yeye akiwashie moto. Na hapa, ndani ya stoo yenye matairi makuukuu, kiumbe kisichoonekana kwa jicho kilikuwa kinapika bila kumsubiri, kinajipasha chenyewe, kinahema. Sylvance akaweka sikio kwenye plastiki. Matheka akaenda kuleta viti viwili, na wazee hao wawili wakakaa wakilitazama dumu kama watu wanavyotazama mpira kwenye televisheni, ila hawa hawakupiga kelele.

Akawa anakwenda kila siku. Aliporudi Donholm alimsimulia Aoko: leo limepungua, leo limetulia, leo mawingu yameanza kutua. Aoko alisikiliza kwa mshangao, si kwa sababu ya bia, bali kwa sababu mumewe alikuwa anazungumza. Mwishowe akafunga kitambaa chake kichwani. "Leo twende wote," akasema, "nikamwone huyo mke mwenza wa plastiki."

Ilikuwa siku ya kutia mapera. Mwongeli, mke wa Matheka, alikuwa ameyachuma yaliyoiva sana, yenye nyama nyekundu. Sylvance aliyakata, akayapitisha motoni kidogo kuyaondolea uchafu, akayaponda, akayachuja mbegu. Mikono yake ilikumbuka kila kitu. Mwongeli akamnong'oneza Aoko, "Mwone anavyoshika kisu." Macho ya Aoko yalikuwa yamejaa machozi.

Rojo la mapera likamiminwa ndani ya dumu. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha, kutoka chini kabisa, hamira iliyokuwa imelala ikaamka. Uzi mmoja wa mapovu, kisha nyingine, kisha dumu zima likageuka waridi na kuanza kuchemka baridi, likipanda na kushuka. Wote wanne wakajikuta wamesogea karibu.

"Bwana Yesu," Aoko akasema. "Kumbe lina uhai."

Hata kelele za bodaboda barabarani zilikuwa kama zimepungua. Baadaye kidogo Sylvance aliona nyuso za wenzake zikibadilika, pua zikifunguka, akajua kuna kitu kimeingia chumbani ambacho yeye hakukaribishwa kwacho.

"Kunanukia vipi?" akauliza.

Matheka akavuta hewa. "Kunanukia... mapera."

"Hujanisaidia."

"Kama mapera yaliyolala kwenye kapu," Mwongeli akajaribu, "na majani yake."

Aoko alikuwa amefumba macho. "Kule nyumbani Yala," akaanza taratibu, "kulikuwa na mapera kwenye ua wa misheni. Tulikuwa tunaiba. Hii ni harufu ya kuiba asubuhi mapema. Kuna utamu, halafu nyasi zenye umande, halafu ule ukali wa pera bichi uliloling'ata kwa haraka kwa sababu umesikia mtu anakuja. Na chini kabisa, Baba Walter, kuna mkate. Mkate unaotoka kwenye oveni yako."

Sylvance alimtazama. Walikuwa wameoana miaka mingi, na hakuwa amewahi kumsikia mkewe akiisemea harufu. Nyumbani mwao pua ilikuwa ni yake yeye. Hakuna aliyewahi kuhitajika kumweleza kitu. Akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo wazee wa rika lake hawalifanyi.

Bia ilipotulia na kung'aa waliitia kwenye chupa za plastiki za soda, kila moja na chembe za sukari, wakazifunga. Mwanzoni chupa zilibonyea ukizifinya. Kadiri siku zilivyopita zikakaza, zikakaza, mpaka zikawa ngumu kama jiwe, hewa ikiwa imefungiwa ndani. Ndipo Matheka akasema imeiva.

Walikaa uani alasiri ya Jumamosi. Matheka alizungusha kizibo, chupa ikatoa mlio mrefu, na bia ikaingia kwenye gilasi ikiwa na rangi ya jua la jioni na povu la waridi lililosimama wima. Sylvance akapokea ya kwanza. Akanywa.

Mapovu yakamchoma ulimi. Akaonja uchungu wa hopsi, ukali kidogo, utamu uliobaki kwa mbali. Hayo aliyatarajia. Akameza, akatoa pumzi kwa pua, na hapo, nyuma kabisa, mahali palipokuwa na ukuta mtupu kwa miaka, kikapita kitu.

Hakutikisika. Aliogopa hata kupepesa macho. Kilikuwa chembamba kama uzi, kikawa na jina.

"Mapera," akasema.

Matheka akacheka. "Si ndiyo tulitia, mzee."

Lakini Aoko alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Unayasikia? Baba Walter, unayasikia?"

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimshuka hadi kwenye masharubu. "Yalikuwa hapa. Sasa hivi. Yamekwenda." Akainua gilasi kwa mikono yote miwili, akanywa tena, akatoa pumzi polepole. Hakuna. Akanywa mara nyingine. Likapita tena, likimgusa tu na kuondoka, pera lote, na ganda lake. Matheka aliacha kucheka. Aliivua kofia yake, akaiweka magotini, akainamisha kichwa. Mwongeli alianza kunong'ona sala kwa Kikamba. Na Aoko, mama wa kanisa, akaichukua gilasi kutoka mkononi mwa mumewe, akasema, "Mungu anisamehe," akanywa fundo moja, akamrudishia.

"Mkate upo," akamwambia. "Utafute."

Si bia iliyomponya. Daktari alipoelezwa alisema mishipa huamka inapotaka, na huenda ilikuwa imeanza kuamka kitambo bila kupewa kitu cha kushika. Sylvance hakubishana naye. Harufu haikurudi yote, wala haikurudi kwa mpangilio. Kahawa ilirudi ikiwa imeharibika, inanuka mpira uliochomwa. Sabuni ya Aoko ilirudi siku moja ikakaa. Nyama bado haijarudi mpaka leo. Anapika tena, mkewe akiwa pembeni akimwambia kile ambacho pua yake haikifikii, naye anauliza, na Aoko anajibu kwa maneno marefu.

Siku moja walikuwa wakienda mtaa wa Mukuru kwa Reuben kumjulia hali Truphena, dada yake Aoko. Walifika darajani, pale mto unapopita mweusi chini ya barabara ukibeba kila kilichotupwa na jiji. Aoko alijifunika pua kwa leso akaongeza mwendo, kama wafanyavyo wapita njia wote. Alipogeuka, mumewe hakuwa nyuma yake. Alikuwa amesimama katikati ya daraja, ameshika chuma cha ukingo, kifua amekipanua, amefumba macho, anavuta ule uvundo hadi ndani ya mapafu.

"Baba Walter! Una wazimu? Njoo tuondoke!"

"Ngoja kidogo, mama," akasema, na uso wake uling'aa. "Ngoja kwanza. Kuna matope. Kuna mafuta ya gari. Kuna kitu kimeoza, sijui ni kabichi. Aoko, kumbe viko vingi hivi!"

Watu waliwapita wakiwatazama. Aoko akarudi, akaitoa leso usoni, akasimama kando yake.