Misa ya Monseigneur

Ajida Bulonza alifika kwenye ofisi ya parokia siku ya Alhamisi, amevaa koti la harusi yake, ambalo sasa lilikubali kifungo kimoja tu. Alitaka misa kwa ajili ya wenzake watatu waliokufa vitani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaombea peke yake kitandani, na mara nyingi usingizi ulimchukua kabla hajafika kwa wa tatu. Sasa alikuwa amestaafu jeshi na cheo chake cha ajida, akaona watu wale wanastahili kuombewa na mtu aliye macho.

Chantal, katibu wa parokia, akafungua daftari la nia za misa na kumuuliza majina yao.

Bulonza akayataja: Radio, Sombe na Monseigneur.

Chantal akaweka kalamu chini. Akamweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa, kwamba kanisani wanaandika majina ya ubatizo. Bulonza akakuna kichwa. Alikula na watu wale sahani moja kwa miaka mitatu, alijua nani anakoroma na nani anagombana na mama yake ndotoni, lakini majina yao ya ubatizo hakuwahi kuyasikia. Kambini, jina ulilopewa siku ya kwanza ndilo ulilozikwa nalo. Yeye mwenyewe walizoea kumwita Bibi Arusi, kwa kuwa alichelewa kuvaa. Hilo hakumwambia Chantal.

"Mungu anabajua, maman," alisema. "Wewe uandike tu."

Chantal akaandika.

Jumapili, misa ya kwanza, kanisa lilijaa mpaka nje. Padri Élie, aliyekuwa amehamia parokia hiyo ya Nyalukemba wiki ileile, akasoma nia za misa mbiombio, bila kuinua macho kwenye karatasi: tuwaombee marehemu Radio, Sombe na Monseigneur.

Yale majina mawili ya kwanza hakuna aliyeyasikia; walisikia Monseigneur tu, jina wanalomwitia Askofu wao. Mama mmoja wa benchi la mbele akajishika kichwa. Habari ikaruka benchi kwa benchi hadi kwa waliosimama uani, na huko ikaongezewa kwamba Askofu amekufa tangu Ijumaa, ila walikuwa wameficha. Simu zikatoka mifukoni. Mkuu wa kwaya, mtu asiyependa kupitwa na jambo, akaanzisha wimbo wa mazishi, na kwaya ikamfuata kwa sauti nne. Padri Élie aliposikia wimbo, naye akaingia wasiwasi. Akageuza karatasi kuona kama nyuma imeandikwa kitu.

Rosette akamgeukia mumewe, Bulonza. "Ni wewe," alisema, na halikuwa swali.

Bulonza akapita katikati ya kanisa, akamnong'oneza padri, na padri akamsukumia mikrofoni kama mtu anayejiondolea kaa la moto. Ajida alikuwa ameongoza askari miaka mingi, lakini mbele ya zile kofia na vitenge alianza kwa sauti ndogo.

Akasema kwamba Monseigneur wa jimbo hana shida, labda saa hii anakunywa chai. Huyu wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, ambaye hakuruhusu mtu aguse chakula kabla hajakibariki. Siku moja mabomu yalianguka wakati wa maharage, naye akaibariki sufuria mpaka mwisho, kikosi kizima kikiwa kimelala kifudifudi kuizunguka. Watu wakacheka kidogo. Radio naye aliongea sana, hata kapiteni akamwamuru atembee na kokoto mdomoni wakati wa doria. Baada ya wiki moja alikuwa anaongea na kokoto ndani. Hapo kanisa lote likacheka, hata Padri Élie.

Bulonza akapata nguvu, akafika kwa Sombe, aliyepika sombe, yaani majani ya muhogo, popote walipolala. Sufuria yake ya mwisho ilikuwa imelala siku mbili.

"Tulikula siye bote ine," alisema. "Mimi peke yangu tumbo ilinikatala."

Wakamtuma kwa muuguzi chini ya mlima, na kila mita mia aliingia porini. Wamama wakajifuta machozi kwa vitenge.

"Nilikuwa mu majani wakati nilisikia masasi ya bunduki kule yulu, ku kambi," akasema. "Dakika kumi tu. Nilipanda tena, nikabakuta bote tatu bamekufa."

Kicheko kikakatika.

"Sikusemaka namna nilipona. Nilikuwa na haya."

Akarudisha mikrofoni. Padri Élie akasoma tena yale majina matatu, safari hii moja moja, na watu wakajibu kila mara.

Baada ya misa watu wengi walimshika mkono. Mama mmoja akataka kujua Sombe alikuwa anatia nini kwenye sufuria, ili yeye asitie.

Wakaanza kupanda mlima wa kwenda nyumbani.

"Barua ya komanda," Rosette alisema. "Miaka yote hii naambia dada zangu ulipona kwa sababu komanda alikutuma na barua."

Barua hiyo Bulonza aliitunga mwenyewe. Rosette akauma mdomo, mabega yakaanza kumcheza, na ikabidi ashike ukuta wa nyumba ya watu. Bulonza akacheka naye, wakacheka hadi wakaishiwa pumzi. Rosette alipomaliza kucheka, Bulonza machozi yalikuwa bado yanamtoka, na hayakuwa tena ya kicheko. Rosette akamvuta mkono, wakakaa kwenye jiwe pembeni ya njia, huku watu wa misa ya pili wakiwapita na kuwasalimu.