Trauti Asiyepigwa Picha

Januari, ukirusha mshipi mara nne tano tu, pete za fimbo ya kuvulia, zile zinazopitisha mshipi, zinazibwa na barafu. Ndiyo maana Orrin na mimi tulizoea kuvua kwa fimbo moja: mmoja anarusha, mwingine anapasha vidole kwapani. Pete zikiganda, mwenye vidole vya moto ndiye anayebandua. Sasa Orrin yuko Arizona kwa binti yake Marit, anaota jua kama mjusi. Barafu naitoa mwenyewe, kwa mdomo.

Jana alinipigia simu.

"Lonnie, eti mafuriko yamefukia shimo letu la samaki mtoni?"

"Nani kakudanganya?"

"Marit. Anasema pale hakuna samaki tena, niuze kibanda changu cha hapo mtoni. Wanunuzi wamepatikana."

"Huyo Marit maisha yake yote kavua soksi moja, tena yako."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Basi nitumie picha ya samaki trauti mmoja kutoka pale. Nikimwona, siuzi."

Leo nimeingia Mto Bitterroot peke yangu na suruali ya mpira yenye viraka. Ng'ambo hakuna hata nyayo za kulungu. Nikayatania maji, hayakucheka. Nusu ya shimo kweli imejaa kokoto, Marit hakukosea sana. Ila chini ya msonobari ulioanguka kumebaki weusi kidogo wa maji yenye kina. Nikapeleka hapo kidudu changu cha chambo, cha uzi na manyoya, kidogo kama punje ya ufuta.

Nilishalamba pete mpaka ulimi ukafa ganzi, ndipo mshipi ukasimama. Halafu ukaondoka.

Alikuwa trauti wa kahawia, madoa mekundu, urefu kama kutoka kiwiko changu hadi vidoleni. Nikamwingiza kwenye kimia, nikatoa simu. Vipande vya barafu vikafuata humo humo. Kwenye kioo cha simu naona uji mweupe tu. Apigwe picha, lazima ainuliwe.

Na Orrin alikuwa na sheria moja. Baridi ikigandisha pete, samaki hatoki majini, maana matamvua anayopumulia ni laini kuliko pete.

Nikasimama pale, simu mkono huu, kimia mkono huu, namtukana Orrin kwa mapenzi yote. Kisha nikainamisha kimia. Trauti akaenda zake.

Nikampigia nikiwa bado nadondosha maji.

"Picha iko wapi?"

"Pete ziliganda."

Nikasikia televisheni ya Marit.

"Mkubwa?"

"Amekuzidi akili, kwa hiyo si lazima awe mkubwa."

"Muongo wewe tangu shule. Lakini ungenitumia picha, ningejua umemtoa majini, na leo hii ningeuza." Akavuta pumzi, ndefu, kama anapanda mlima. "Siuzi, Lonnie."

"Utarudi Aprili basi? Nikuwekee kahawa?"

Akakohoa mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Kibanda kitakuwepo," akasema.

Nikatia simu mfukoni. Nikachukua koleo, nikapanda kukwangua theluji kwenye paa la kibanda chake, upande wa bomba la moshi kwanza, kama anavyopenda.