Wazolewa

Alikuwa msahihishaji wa gazeti kwa miaka kumi na tisa. Kazi alitafutiwa na baba yake mdogo, mwandishi mstaafu aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Jicho lake halikuwa na mzaha: koma ikikaa vibaya anaiona kabla hata hajavuta kiti. Kwa hiyo gazeti lilipokaribia kutimiza miaka hamsini, mhariri akamwambia, "Dada, shuka stoo. Nichagulie kurasa ishirini za miaka ya sabini tuzibandike ukumbini. Vitu vyenye ladha."

Stoo ilinuka mikojo ya panya na gundi kuukuu. Siku ya pili akakutana na kichwa cha habari kilichomkwaza: "86 WAZOLEWA STENDI". Kuzoa, kwake, ni kazi ya ufagio na beleshi. Akadhani ni magunia ya taka, mpiga chapa kasahau neno. Akasoma. Walikuwa watu. Wafua nguo, wapagazi, fundi viatu mmoja asiyeweza kutembea, wanawake wasio na kadi za kazi. Walipakiwa kwenye malori ya serikali kama wazururaji, wakaenda kumwagwa porini, mwendo wa siku nzima.

Akafungua wiki iliyofuata. Wengine wazolewa. Mwezi uliofuata, soko zima lazolewa, mji wapumua. Neno lilikuwa kila ukurasa, limezoeleka kama salamu. Kisha akafika kwenye ile iliyomtoa nje kwenda kutema mate:

"Lori lilipakia 58, likashusha 59. Mama mmoja kati ya waliozolewa alijifungua njiani, akawaongezea askari kazi ya kuhesabu."

Juu yake, jina la baba mdogo.

Alasiri alimkuta barazani anamenya chungwa. Akamsomea.

"Hiyo!" Mzee alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mji mzima uliikariri hiyo!"

"Mlilazimishwa kuandika hivyo, baba?"

Alitaka aseme ndiyo. Njia nzima alikuwa anamwandalia msamaha.

"Nani anilazimishe? Taarifa ya serikali ilisema 'kuhamishwa'. Neno limepooza, halina chumvi. Mimi ndiye niliyeleta 'kuzolewa'. Wiki mbili tu, magazeti yote yananiiga."

"Na yule mtoto?"

"Mtoto yupi?"

"Wa hamsini na tisa."

"Aa, yule." Akatema kokwa kiganjani. "Alishuka maiti. Nilikuwa gari la nyuma, niliwaona wakimfunika. Sasa ningeandika hivyo, si utani ungekufa?"

Akamkatia kipande cha chungwa. Msahihishaji aliitazama ile mikono iliyolowa maji ya tunda, mikono iliyomshika yeye akijifunza kuandika. Akasema ameshiba.

Ukumbini alibandika kurasa kumi na tisa za mpira, mashindano ya urembo na uzinduzi wa madaraja. Ya ishirini ilikuwa ile. Chini yake akaweka kikaratasi: "Mtoto alishuka maiti. Mwandishi alijua." Mhariri hakukiona; yeye husoma vichwa tu.

Siku ya sherehe baba mdogo, mgeni wa heshima, alipita ukutani na suti yake ya kijivu, watu wakimfuata nyuma wakisoma anachosoma. Alipofika pale akasimama. Na wao wakasimama. Hakuna aliyecheka.

Akamvuta mwanawe pembeni. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimeandika ulichoniambia, baba. Sikuongeza hata neno."

Baada ya robo saa mhariri alikuwa ameshabandua ukurasa na kikaratasi chake, lakini waliosoma walishasoma. Jumatatu msahihishaji akapelekwa kwenye meza ya matangazo madogomadogo, viwanja na magari chakavu. Jioni yake shangazi akapiga simu.

"Muombe radhi tu, mwanangu, yaishe. Yule ndiye aliyekulisha."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana nikikumbuka, chakula kinataka kurudi."

Hakuomba radhi. Kila Jumapili anampitia mzee, anamwamkia akiwa amesimama, anamwekea mezani dawa zake za presha, anamuuliza kama miguu bado inavimba. Akikaribishwa hata maji ya kunywa, anashukuru, anaaga, anaondoka.