Kutoka Kola Hadi Kifua

Mdogo wangu tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Mumewe alimtangulia ng'ambo, na yeye alibakiza kitu kimoja tu: mtihani wa kuzungumza Kiitaliano. Akifaulu, anapata kibali na kumfuata. Akifeli, mama yetu aliyepooza upande mmoja ataendelea kugeuzwa kitandani na mikono ya Kitinda, si yangu.

Mimi nilikaa huko miaka minne nikiwaogesha wazee wa watu. Lugha naijua, na mtihani ule niliufanya. Kwa hiyo akanipigia magoti.

"Dada, nifundishe. Sina mwingine."

"Nitakufundisha," nikamwambia. "Tena bure."

Sisi ni madobi. Shati lina sehemu sita za kupiga pasi, na kitenzi chao kina nafsi sita, basi nikaviunganisha. Kola: aspetto, nangoja. Mabega: aspetti, unangoja. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mgongo, hadi kifua: aspettano, wanangoja. Miezi minane Kitinda alinyoosha mashati ya watu huku akiimba, vitenzi mia na ushee, bila kukosea hata kimoja. Majirani walimsifu dirishani. Mama alitabasamu kwa upande wake uliobaki mzima.

Sikumuuliza swali hata moja kwa Kiitaliano. Siku moja alisita, pasi mkononi.

"Dada, mbona hatuongei?"

"Msingi kwanza," nikamjibu, nikamsogezea rundo jingine. Akaniamini. Roho mbaya ninayo, sifichi. Kila alipomtaja mumewe nilitamani pasi imuunguze.

Siku ya mtihani nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango ulioachwa nusu wazi. Mtahini, mama mmoja mpole, alimuuliza taratibu, kwa maneno mepesi kabisa: nani anakungoja huko?

Nikaona mkono wa kulia wa Kitinda ukiteleza juu ya meza, pale ambapo kola ingekuwa.

"Aspetto, aspetti, aspetta..."

Akaenda hadi kifuani. Mtahini akarudia swali, naye akarudia shati. Mara ya tatu alikuwa analia, mkono bado unakwenda, na mtahini akafunga faili lake.

Barabarani alinishika bega.

"Nisamehe, dada. Nimekuchosha bure."

Nilisubiri kuona aibu. Haikuja. Nilichosikia ni njaa tu, kwa kuwa tulikuwa hatujala tangu asubuhi.

"Mwaka kesho upo," nikamwambia. "Mtihani unarudiwa."

Tulipofika nyumbani alimgeuza mama kwanza, akampangusa mdomo, halafu akachomeka pasi na kutandaza shati. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Leo tuanze na kipi, dada?"

"Partire," nikamwambia. "Kuondoka. Anzia kwenye kola."