Chumba cha Nyuma ya Jikoni

Siku Marília alipopima akakuta ana mimba, hakumpigia mumewe simu kwanza. Alikuja jikoni mbio, akanikuta nachambua maharage, akachukua mkono wangu akauweka tumboni kwake ingawa hapakuwa na chochote cha kugusa bado. "Vavá," akasema, "umenilea mimi, na huyu utamlea wewe." Ni maneno yake hayo, sikuyaota. Nililia mpaka ikabidi nioshe maharage upya, na nikaona mambo ya uzee wangu yamekwisha kupangwa.

Jina langu ni Nivalda. Vavá ni jina alilonipa yeye alipokuwa hajui kutamka. Niliingia nyumba ile ya Brasília, ghorofa ya tatu, kufanya kazi kwa mama yake, Bi Eunice, wakati Marília bado anatambaa. Bi Eunice alipofariki alimwachia binti nyumba, na mimi nikabaki ndani yake pamoja na jokofu na mashine ya kufulia. Kwetu Formosa, mji mdogo nje ya Brasília, sikuwa tena na mtu isipokuwa dada yangu Creusa, ambaye nyumba yake imejaa wajukuu na mbwa, na hata pa kuweka kiti huoni.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya jikoni. Kila nyumba ya majengo yale ina chumba kama hicho: unapita jiko, unapita kamba za nguo, unafika kwenye mlango mwembamba. Ndani kuna kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na basi. Walioichora Brasília, mji mzima kwenye karatasi kabla haujajengwa, wamesifiwa dunia nzima, lakini chumba cha mtumishi nacho walikichora wao, na dirisha wakalisahau. Palikuwa na tundu tu la kupitishia hewa, linalotazama chupi za watu zikikauka. Kiangazi, vumbi jekundu linapotanda na hewa imegoma kusogea, nilikuwa nalala na kitambaa chenye maji usoni.

Humo ndimo Marília naye alimolala hadi alipoanza shule, kitanda chake kimebanana na changu, maana Bi Eunice hakuweza kuvumilia kilio cha mtoto. Nyumba nyingi ndivyo zilivyokuwa. Mama alizaa, na mtoto akalala na yaya. Kwa hiyo Marília aliponiambia kwamba chumba kile ndicho watakachokitengeneza kiwe cha mtoto, sikuuliza swali. Vyumba vingine ni viwili tu: kimoja walilala wao, kingine Otávio, mumewe, alifanyia kazi zake za kompyuta. Mtoto angelala na nani kama si na mimi?

Marília ni msanifu majengo, na moyo wake uko katika miaka ile Brasília ilipokuwa mpya. Viti vya miguu myembamba iliyotanuka, taa za bati zilizopakwa rangi, saa za ukutani zenye miale: akikiona kitu cha namna hiyo kwenye soko la vitu vikuukuu, anasahau kilichomtoa nyumbani. Na kuhusu mtoto alikuwa na msimamo wake. Hakutaka kuambiwa ni wa kike au wa kiume. Siku hizi watu wanaandaa sherehe nzima, wanapasua puto waone kama itamwagika poda ya pinki au ya buluu, na bibi wawili wanazirai. Yeye alisema mwanawe hatapasuliwa puto.

"Hakuna pinki, hakuna buluu ya vitoto," alinitangazia. "Na rangi ya uji sitaki pia. Watu wakikosa kujua ni wa kike au wa kiume, wanakimbilia rangi ya uji. Chumba kizima kinakuwa kama kina homa."

"Wewe taka unachotaka, mwanangu," nikamwambia. "Tumbo ni lako."

Mafundi walianza kwa kuubomoa ukuta ule wa tundu. Wakaweka dirisha pana la vioo, wakaacha mbele yake yale matofali yenye matundu, ya tangu zamani, yanayofunika upande wa kamba za nguo, ili mwanga uingie ndani umekatwakatwa. Kisha wakafunga kiyoyozi. Bi Eunice nilimwomba feni miaka mingi, akawa ananiambia umeme wa upande ule wa nyumba hautoshi. Kumbe ulitosha. Niliposimama pale mara ya kwanza na ule ubaridi ukanipitia shingoni, sikumlaani marehemu. Nilifurahi tu, nikajiambia kwamba kuchelewa si kukosa, kwa sababu katika hewa ile nitalala na mimi.

Wakati huo nilikuwa nalala kwenye kochi sebuleni, na vitu vyangu viko kwenye maboksi mawili chini ya kamba za nguo. Ni kwa ajili ya rangi tu, Marília alisema, na kweli rangi ilikuwa inanuka.

Chumba kidogo kinataka akili, na mimi chumba kile nilikijua kwa mwili. Nilijua goti linagonga wapi mlango ukifunguliwa, na jua la asubuhi linakaa ukuta upi. Marília alitaka ukuta wa rangi ya haradali upande wa dirisha. Nikamwambia utamtia mtoto wazimu, haradali aipeleke ukuta wa mlangoni, na hapo dirishani aweke nyeupe. Alikunja uso, akajaribu, akanibusu. Ukuta wa tatu ukabandikwa karatasi yenye majani makubwa na pembetatu, kijani cha parachichi na chungwa. Kabati la mama yake la jakaranda lilikatwa miguu, likawekewa mingine ya kuchongoka, juu yake ndipo pa kubadilishia nepi. Mapazia nilishona mimi, vipande vya rangi saba, kwa sababu duka zima halikuwa na kitambaa kinachomridhisha.

"Hapa sisogei," alisema siku tulipoyatundika, ameketi sakafuni na tumbo lake mapajani. "Vavá, una jicho. Mama hakuwahi kukwambia kwamba una jicho?"

"Mama yako aliniambia nina ulimi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nampenda sana saa ile. Bado nampenda, na hilo ndilo linalonichosha.

Jurandir, bawabu wa jengo letu, ndiye aliyeanza kunitilia chumvi kwenye kahawa. Alikuwa amesaidia kupandisha lile kabati, akakiona chumba.

"Dada Nivalda, umepandishwa cheo," akasema. "Kiyoyozi! Usije ukaacha kutusalimu sisi wa chini."

"Kijicho hicho, Jurandir. Kunywa maji."

"Lakini wewe unalala upande gani? Mimi nimeona pa mtoto tu."

"Kitanda changu hakijaletwa."

"Wamekwambia?"

"Wewe umewekwa hapo ulinde mlango, sio vitanda vya watu."

Akarudi kufagia. Nilimkasirikia juma zima, na ukimkasirikia mtu juma zima kwa neno dogo, ujue limegusa mahali.

Kisha kitanda kikaletwa. Chembamba, cha mbao, miguu ya penseli, godoro lake la kijani, nacho kikaingia kati ya kitanda cha mtoto na ukuta bila kubaki nafasi ya kidole. Nilishuka hadi chini kwa Jurandir kwa makusudi, nikamwambia, "Kimefika." Sikuongeza neno. Wenye nyumba walipotoka nilijilaza juu yake na viatu nimevua. Miguu yangu ilifika mwisho wake sawasawa. Nilinyoosha mkono wa kushoto, ukafika kwenye fito za kitanda cha mtoto, nikaziona siku zote zilizobaki mbele yangu, nazo zilikuwa njema. Nilipiga pasi shuka zangu mbili nzuri, nikaziweka tayari.

Jumamosi moja Marília akawaalika watu kwenye chai ya nepi. Ni kawaida yetu: kila mgeni anakuja na pakiti ya nepi, anakula, anapapasa tumbo, anatabiri. Nilioka vimkate vya jibini tangu alfajiri, nikaviringisha vitufe vya chokoleti. Walipokwisha kula wakapangana kwenda kuona chumba, watatu watatu, kwa sababu hakiwaingizi zaidi. Niliwasikia wakistaajabu mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja, mwenzake wa ofisini, akauliza, "Na hiki kitanda cha kupendeza hivi ni cha nani?"

Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Marília alinitazama akatabasamu, na mimi nikatabasamu.

"Cha nesi wa usiku," alisema. "Tumepata mmoja, ana cheti na kila kitu. Akiondoka, juu yake ndipo nitakapokuwa naketi kunyonyesha."

Kisha akanivuta mkono, sinia na vikombe vyake, mpaka sebuleni katikati ya watu. Otávio akagonga glasi kwa kijiko.

"Vavá alikuwa asijue hili leo, lakini siwezi tena kujizuia," Marília akasema, na machozi yameshamlenga. "Huyu ni mama yangu wa pili. Ametupatia maisha yake yote. Sasa tumesema inatosha, apumzike. Otávio amekwenda Formosa kwa dada yake, amemjengea chumba uani, kipya, na choo chake. Vavá, mwezi ujao unakwenda nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakalia. Mwanamke yule wa ofisini akanikumbatia, kahawa ikamwagika kwenye sinia, naye akasema nina bahati, kwamba siku hizi nani anawakumbuka watu kama sisi. Nilisema asante. Nilisema asante mara nyingi, kwa kila mtu aliyenijia, kisha nikaenda kuosha vikombe.

Marília akanifuata jikoni. Alikuwa anang'aa.

"Umefurahi? Sema umefurahi."

"Ulisema nitamlea."

"Nini?"

"Huyu wa tumboni. Ulisema nitamlea mimi."

Akaushika ukingo wa sinki. "Vavá, miguu yako imevimba kila siku. Mimi sitaki kuwa kama Mama. Sitaki kumfungia mtu nyuma ya jikoni mpaka afe. Nimesoma, nimeona haya, nimelia kwa ajili yako, hujui tu. Wewe ni wa familia."

"Mimi kwenye hicho chumba sikufungwa," nikasema. "Nilikuwa na wewe."

Akanikumbatia, na lile tumbo likawa kati yetu, na mtoto akapiga teke nikalisikia mimi mwenyewe, hapa, chini ya titi. Ningeweza kusema nataka kubaki. Lakini nilimwona usoni jinsi alivyohitaji kuwa mtu mwema, na tangu anajifunza kutembea sikuwahi kumnyima alichokihitaji. Nikamwambia chumba cha Formosa kitanifaa sana. Alishusha pumzi. Akachukua kitufe cha chokoleti, akarudi kwa wageni wake.

Niliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Jurandir alinibebea maboksi hadi kwenye gari la Otávio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Alisema tu, "Haya, dada," akaufunga mlango polepole.

Chumba cha uani kwa Creusa ni kizuri, siwezi kusema uongo. Wajukuu wake wananiita shangazi na wananiomba peremende, kisha wanakimbilia kwa bibi yao, kama inavyopasa. Asubuhi naamka mapema na sina wa kuamka kwa ajili yake. Nimepanda giligilani kwenye kopo. Creusa ananiambia nimekuwa mkimya, nami namwambia ni hewa ya hapa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Juni. Ni wa kike, wakamwita Tainá, na picha nililetewa kwenye simu siku ile ile. Baadaye zikaja nyingine nyingi, mtoto kalazwa kwenye lile godoro la kijani, mapazia yangu nyuma yake. Nilikuza picha kwa vidole mpaka nikaona mshono.

Juzi Marília akapiga simu mchana, sauti imekauka kwa kukosa usingizi. Nesi alikaa siku chache akaacha, alisema. Mtoto hataki kulala peke yake kabisa, akiwekwa kule nyuma analia mpaka anageuka rangi, kwa hiyo analala na mama yake kitandani, na Otávio analala kwenye kochi.

"Na chumba?" nikauliza.

"Kipo tu. Hakilali mtu. Jarida moja linataka kuja kukipiga picha." Akacheka kidogo, nikamsikia mtoto kwa mbali, kilio chembamba, chenye hasira. Mkono wangu wa kushoto ukanyooka wenyewe. "Vavá, njoo ututembelee. Hata siku mbili. Utalala humo, nitakutandikia mwenyewe. Utakuwa mgeni wetu, hutashika hata kijiko."

Nilingoja aseme neno jingine, lile la siku ya maharage. Nilimpa nafasi ndefu. Yeye alikuwa ameshamchukua mtoto, anambembeleza, vibaya, kwa haraka mno, na simu ameibana kwa bega.

"Siku gani itawafaa?" nikamuuliza, maana wageni ndivyo wanavyouliza.